Tone Moja Tu, na Karavani Inakwenda kwa Kuku

Jumatatu, 2 Machi

Siku mbaya. Naiandika kwa utulivu, kama inavyompasa mtu aliyekagua shule kwa miaka thelathini na mmoja bila kupandisha sauti, isipokuwa mara mbili.

Asubuhi mke wangu aliingia kwenye karavani kutandika kitanda kwa ajili ya safari ya Jumamosi. Karavani ni nyumba yangu ndogo ya magurudumu. Niliinunua kwa mtu mwezi niliostaafu, na tangu hapo imesimama uani ikisubiri kuvutwa hadi ziwani. Mke wangu alitandika shuka. Akaketi. Akasimama upesi kuliko alivyoketi. Mvua ya usiku ilikuwa imetangulia kulala pale.

Nilimweleza kwamba unyevu kidogo ni jambo la kawaida katika makazi yanayohama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageuka ili nilione gauni kwa nyuma. Hoja yake ilikuwa na nguvu.

Hukumu ilisomwa wakati wa chai. Ijumaa alasiri atalala humo juu ya shuka kavu, na maji yatamiminwa juu ya paa kwa saa nzima. Likidondoka tone moja, karavani inakwenda kwa kaka yake akafugie kuku. Nilicheka. Yeye hakucheka. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mezani akila mkate wetu, naye hakucheka. Aliuliza tu, kwa upole wake ule, kama madirisha yana wavu.

Kuku! Katika chombo ambacho nimekwisha kukiandikia ratiba ya safari za miaka mitano!

Jumanne, 3 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa mabodi ya magari, yule mwenye karakana nyuma ya soko. Sikwenda kumpa kazi. Nilikwenda kuchota ujuzi. Mpango: nizungumze naye kama mtafiti, aseme siri zake zote, nirudi nyumbani nikafanye mwenyewe.

Mwanzo ulikwenda vizuri, kwa kuwa fundi huyu anapenda kueleza. Alisema maji hayaingii kwenye karavani kupitia bati, bali kupitia maungio, pale ukuta unapokutana na paa. Ile mikanda ya alumini inayofunika maungio hayo watu huidhania pambo. Si pambo. Gundi iliyo chini yake ikifa, mkanda huwa mlango. Ya kwangu, alisema bila hata kuiona, ilikufa zamani, na matanga yake yalikwisha.

Dawa yake? Fungua skrubu zote. Vua mikanda. Kwarua gundi kuukuu mpaka bati ling'ae. Futa kwa spiriti. Laza tepe ya gundi laini, ile isiyokauka, inayobonyea kama unga uliokandwa. Rudisha mikanda, kaza skrubu taratibu mpaka gundi ichungulie pembeni, kata kinachochungulia. Siku tatu, watu wawili.

Siku tatu! Nikauliza, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani, je, mtu akiiacha mikanda ilipo, kisha akapaka silikoni, ile gundi ya mrija, juu ya kila kitu, kwa ukarimu? Fundi alifuta mikono. Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama walimu wasio na andalio la somo.

"Mzee wangu," akasema, "maji hayakwenda shule, lakini njia yanazijua kuliko mimi na wewe."

Nilimshukuru kwa hekima hiyo. Njiani nikanunua silikoni, mirija kumi na miwili. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema popote kwamba kwanza uuvue ukuta nguo na kuukwarua.

Jumatano, 4 Machi

Hauzibwi ufa usiokaguliwa. Hiyo ni kanuni yangu, na leo nimeitekeleza kikamilifu.

Nilifungua boksi la chaki nililozawadiwa siku ya kuagwa. Nikamwaga maji kwa mpira juu ya paa, nikaingia ndani, nikatazama panapolia, nikatoka nje, nikaweka alama juu ya mkanda. Palipovuja, kosa. Palipo pakavu, vema. Nilirudia zoezi hili kuzunguka karavani yote, na matokeo ni haya: makosa arobaini na moja, vema sita. Palipostahili niliongeza maoni. Juu ya dirisha la jikoni: "Jitahidi." Karibu na mlango: "Mwandiko mbaya," kwa mazoea. Kona ya nyuma, kitandani, ambako maji yaliingia kwa msafara, niliandika kwa herufi kubwa: "AJE NA MZAZI."

Saa kumi akapita Shemeji. Alisema anapita tu. Anayepita tu huwa habebi futi ya kupimia. Alipima upana wa mlango, akapima kimo cha kabati, akauliza kabati likitolewa zitaingia chaga ngapi. Nikamwambia kabati halitolewi. Akasema sawa shemeji.

Kisha akazitazama alama zangu kwa heshima kubwa na kuuliza kama chaki itafutwa kabla ya kupaka gundi. Nilimweleza kwa subira, kwani ni ndugu wa mke wangu, kwamba alama ndiyo ramani. Nikiifuta, nitajuaje pa kupaka? Akasema kweli, hakufikiria hivyo. Akaondoka.

Sipendi anavyokubali haraka. Mtu akikubali haraka hivyo, ujue amebaki na lake moyoni.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeziba. Nimeziba kila kitu. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu vidole vitatu vya kulia vimeungana.

Nilianza saa mbili asubuhi, juu ya ngazi, bomba la silikoni mkononi kama bunduki ya mlinzi wa benki. Nilifuata chaki kosa kwa kosa, nikiminya, nikilainisha kwa kidole kilicholowekwa maji ya sabuni. Kufikia mrija wa tano nilikuwa na mtindo wangu. Kufikia wa nane, silikoni ilikuwa kwenye miwani, kwenye nyusi na kwenye sikio nililojikuna bila kufikiri. Mstari wangu si mwembamba, nakiri. Una unene wa mkia wa paka. Lakini nani amewahi kulaumu paa kwa kuwa nene?

Nikagundua pia jambo la kutisha. Chini ya kila dirisha, kwenye fremu ya alumini, kuna vitundu viwili vidogo. Vimeachwa wazi! Kiwandani! Miaka yote hiyo! Maji yalikuwa na mlango wao rasmi, na hakuna fundi aliyethubutu kusema. Nikaviziba vyote kumi na viwili, kwa hasira ya haki.

Mke wangu alisimama kwenye mlango wa jikoni akinitazama. Yeye alikuwa muuguzi, wodi ya upasuaji, na ana tabia ya kutazama kazi ya mtu kama anayetazama bandeji. Akasema kidonda hakifungwi kabla ya kusafishwa. Nikamjibu, kwa adabu zote, kwamba karavani si mgonjwa. Akasema ni kweli, wagonjwa wake hata nusu kaputi ilipowatoka hawakuwa wakisema maneno mengi kiasi hiki.

Nimemsamehe. Kesho atalala pakavu, na historia itaamua.

Ijumaa, 6 Machi

Nitaeleza yote kwa mpangilio, maana mpangilio ndio uliobaki.

Saa tisa kamili. Wamehudhuria: mke wangu, akiwa na mto na gazeti, Shemeji, juu ya ngazi, akishika mpira wa maji, na fundi wa mabodi, ambaye mke wangu alimwalika bila kunishirikisha. Fundi alinisalimu shikamoo, akatazama ile mistari, akakohoa.

Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi ya kurasa nne. Mke wangu aliingia na kufunga mlango nilipofika kwenye shukrani za ukurasa wa kwanza. Shemeji akafungulia maji.

Dakika kumi. Kimya. Dakika ishirini. Kimya kitukufu. Nilianza kutembea nikiwa nimefumbata mikono nyuma, mwendo ambao zamani ulinyamazisha mabweni. Nilimwambia Shemeji kwamba kuku, wakitunzwa vizuri, wanaishi hata kwenye kibanda cha mabua. Akasema sawa shemeji.

Ndipo fundi akaona kitu kwenye kona ya nyuma. Ncha ya silikoni ilikuwa imeinuka, kidogo sana, kama ukucha. Akaishika kwa vidole viwili na kuivuta. Ikaja. Ikaendelea kuja, taratibu, bila kelele, kama ganda la ndizi, mita mbili nzima, mpaka akasimama nayo mkononi kama aliyenasa nyoka. Akaigeuza. Upande wa chini, kila alama ya kosa ilikuwa imehama nayo, safi kabisa, na maneno yangu yote, ila sasa yanasomeka kinyume. Silikoni ilikuwa imeshika chaki kwa uaminifu wote. Alumini haikuwahi hata kuigusa.

Fundi aliketi kwenye ngazi ya mlangoni, akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Alijitahidi sana, nampa vema kwa hilo. Aliponyanyua uso aliniuliza kama mzazi alishafika.

Hata hivyo ndani bado palikuwa pakavu, na mimi nilikuwa nimeanza kusema hivyo, sauti ya mke wangu ilipotoka. Alisema humu madirisha yamejaa maji nusu, kati ya vioo vyake viwili, anaweza kufuga samaki. Fundi akaacha kucheka. Akaeleza kwamba vile vitundu chini ya fremu si mlango wa kuingilia, ni wa kutokea. Maji yanayopenya kwenye dirisha hushuka kwenye mfereji wa fremu na kutokea pale. Akauliza ni nani aliyeviziba. Nilikuwa nakung'uta sikio.

Mke wangu, ili amsikie fundi vizuri, akafungua dirisha.

Alitoka akiwa na mto unaochuruzika na gazeti lililogeuka uji. Nilitoa hoja palepale kwamba sheria ilitaja tone, na kilichoanguka, kwa kipimo chochote kinachojulikana, hakikuwa tone. Hakuna aliyeunga mkono. Shemeji alifunga maji, akashuka, akaniambia pole. Akaongeza kwamba wavu anao tayari, lakini hakuna haraka.

Jumamosi, 7 Machi

Siku ya safari ambayo hatukusafiri. Nimezichana kurasa mbili za ratiba ya mwaka wa kwanza.

Lakini sijalala. Asubuhi nilimwendea Shemeji bandani kwake na kumweleza, kwa uchungu wa mtu anayemtakia mwenzake mema, kwamba utafiti umeonyesha kuku wanaokaa ndani ya alumini hawatagi. Aliniandalia kiti. Akasema anashukuru, ila hawa wa karavani ni wa nyama. Nikasema alumini huathiri pia hamu ya kula. Akasema basi atajaribu na wawili kwanza. Akanifungia mayai kumi nimpelekee dada yake.

Nilirudi nikiwa nimeshindwa na mayai. Nikamkuta mke wangu anaizunguka karavani peke yake, mkono ukipita juu ya mkanda kama anayepapasa mbavu za mgonjwa. Nilidhani anaiaga. Nilianza kumwambia kwamba mimi pia najiandaa kisaikolojia.

"Jana, kabla ya hayo madirisha yako," akasema, "nililala mchana dakika ishirini bila mtu hata mmoja kuniita nesi. Unajua ni lini mara ya mwisho? Kuku watangoja."

Nikamkabidhi mayai.

Masharti yake ni haya. Atafanya kazi hiyo yeye na fundi, kwa njia ya fundi, siku tatu. Mimi sigusi. Si kwa kidole, si kwa ushauri. Wakimaliza, tunakwenda ziwani. Likidondoka tone huko, tunaigeuza karavani na kuipeleka moja kwa moja kwa kaka yake, hata kama chai iko jikoni. Akaniuliza kama nimeelewa neno "sigusi". Nikasema nimeelewa. Akaniuliza linamaanisha nini.

Jumatano, 11 Machi

Siku ya tatu ya kutogusa. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Naripoti nilichoona nikiwa kwenye kiti nilichopangiwa. Mke wangu alivaa glavu zake za wodini na kufungua skrubu mia moja na themanini, akizipanga kwenye trei sita za mayai za Shemeji kwa mpangilio wa kutoka, ili kila moja irudi kwenye tundu lake. Walivua mikanda. Chini yake gundi ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, na kwenye kona ya nyuma ubao ulikuwa umeoza kiasi cha kuchimbika kwa kijiko. Fundi aliukata akaweka mpya. Mke wangu akakwarua, akafuta kwa spiriti, akafuta tena, akanusa. Fundi aliniambia pembeni kwamba mama ana mkono wa fundi. Nilimjibu kwamba ni mkaguzi aliyemwoa.

Leo walikaza skrubu za mwisho, zamu kwa zamu, upande huu na upande ule, gundi ikachungulia mstari mmoja mwembamba kote, wakaikata kwa kipande cha plastiki. Vile vitundu vya madirisha vilizibuliwa kwa kijiti. Mchango wangu ulikuwa chai, mara saba.

Saa kumi jaribio. Mke wangu kitandani ndani. Shemeji, ngazi, mpira, saa nzima. Hakuna tone. Saa ilipokwisha tuligonga mlango. Hakuna jibu. Tulisikia mkoromo. Shemeji alifunga maji, akakaa na kuusikiliza kidogo, akasema basi atawajengea kuku wake banda la matofali. Kisha akashika mpira wetu na kuukunja vizuri kabla hajaondoka. Mtu huyu ananichosha.

Alhamisi, 12 Machi

Tunaondoka saa nne. Naandika haraka.

Usingizi haukuja vizuri, kwa sababu moja ya kitaalamu. Kazi imefanyika, kazi imejaribiwa, lakini kazi haikukaguliwa. Nimeishi maisha yangu yote nikiamini kwamba kazi isiyokaguliwa ni uvumi. Je, tepe ya gundi ipo kweli chini ya kila mkanda? Nani ameiona? Walioiweka tu.

Kwa hiyo alfajiri, kabla mke wangu hajaamka, nimepanda ngazi na kufungua skrubu moja. Moja tu kati ya mia moja na themanini. Hiyo si kugusa, hiyo ni sampuli. Nimechungulia. Gundi ipo, imelala vizuri, imejaa. Nimewapa vema, kwa moyo mkunjufu kabisa.

Skrubu ikateleza. Ikagonga bati, ikaruka, ikazama kwenye majani marefu ya uzio. Nimeitafuta kwa magoti mpaka jua lilipochomoza. Kumwomba fundi nyingine ni kukiri. Kumwomba Shemeji ni kufa. Nikaingia bafuni na kutazama kwa macho mapya vilivyopo. Sabuni! Ni laini, inanata, inajaza, na haina uhusiano wowote na silikoni. Kipande kimoja kimetosha tundu, na kilichobaki nimekipaka juu ya mkanda kuanzia pale hadi kona, kwa ukarimu. Ukisimama mbali huoni kitu.

Tundu, kwa bahati, liko kona ya nyuma. Juu kidogo ya mto wa mke wangu.

Ijumaa, 13 Machi

Ziwani. Mahali pazuri kupita kiasi. Karavani imesimama kwenye nyasi, mapazia yamefunguliwa, mke wangu amelala mchana mara mbili na hajaitwa na mtu yeyote. Amecheka kwa sababu ambazo hazikunihusu. Amesema, bila kuulizwa, kwamba nilifanya vema kuinunua. Nimeiandika sentensi hiyo na tarehe yake.

Nimetumia asubuhi kuandaa mada nitakayowasilisha kwa chama chetu cha wastaafu: "Nafasi ya Mkaguzi katika Kuzuia Uvujaji." Nimefika ukurasa wa sita. Nitasisitiza kwamba mafundi huziba, lakini ni ukaguzi unaokausha. Kuhusu chaki nitasema ni mbinu iliyotangulia wakati wake.

Mchana mawingu yamekusanyika upande wa pili wa ziwa. Nimemwomba mke wangu tubadilishane upande wa kulala. Nimesema ni kwa ajili ya mgongo wangu. Amehamisha mto. Tone likija litanikuta mimi kwanza, na mimi siwezi kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Nimejiwekea pia kikombe, ndani ya soksi, ili kisilie.

Saa kumi na nusu mvua imeanza, ya rasharasha. Mke wangu ametazama dari kila kona na kusema pakavu. Akanusa hewa. Akasema karavani leo inanukia usafi wa ajabu, kama wodi ya wazazi. Nimemwambia hayo ndiyo matunda ya kufuata utaratibu.

Sasa mvua inazidi, na kwenye kioo cha dirisha la nyuma, kwa nje, povu jeupe linateremka polepole. Nimefunga pazia.

Mke wangu anafungua mikoba, mmoja baada ya mwingine. Anauliza sabuni ya kuogea iko wapi.

Nimemwambia iko kazini.